Unga wa Lubudi kwa Jiwe la Mashamba

Mtanisamehe makosa ya herufi. Nilisoma mpaka darasa la sita la msingi, na tangu hapo mkono wangu umeshika mawe zaidi ya kalamu. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na ninaandika polepole: sentensi moja, halafu napumzika na kuitazama kama imesema nilichotaka. Lakini jambo hili nimeshindwa kulisimulia kwa mdomo. Nikianza mbele za watu, sauti inarudi ndani. Kwa hiyo ninaliandika.

Mimi ni binti, na ninafanya kazi katika karakana ya mjomba wangu hapa Kolwezi. Tunachonga malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ya mviringo linalotoka ardhini pamoja na shaba. Tunatengeneza mayai, shanga, tembo wadogo, visahani vya sabuni. Mjomba anakata na kuchonga. Mtu wa pili, ambaye sote tunamwita yaya kwa kuwa ni mkubwa wetu, anang'arisha. Wazazi wake walitoka Kasai, anaimba sauti nzito kwenye kwaya ya kanisa lao, na kazini haachi kusema tangu asubuhi mpaka tufunge mlango. Mimi nilikuwa nafagia, nachota maji na kuosha mawe yaliyokwisha.

Karakana ilikuwa na meza mbili, ya mjomba dirishani na ya yaya mlangoni. Mimi niliitamani ya tatu. Sikumwambia mtu, ila mjomba aliona jinsi nilivyokuwa nikisimama na ufagio mkononi, macho yakiwa juu ya vidole vyake. Siku moja alisema bila kuinua kichwa:

"Siku utanionyesha kazi yako mwenyewe, kazi yenye haikupita mu mikono yangu, nitakupigia misumari meza. Sasa fagia."

Nikafagia.

Basi akaja madamu. Ni mwalimu wa jiografia kwenye shule ya sekondari anakosoma mdogo wangu wa kike. Alikuja na mlinzi wa shule amebeba mfuko begani, na ndani ya mfuko mlikuwa na mawe mawili, moja la ukubwa wa ngumi na jingine kubwa kama kabichi nzuri ya sokoni. Yote mawili yalikuwa meusi na machafu. Alisema mzazi mmoja anayeendesha lori la mgodi ndiye aliyemwokotea kwenye lundo la vifusi, huko Mashamba kwenye mashimo makubwa.

Mjomba alifanya kama tunavyofanya sote tuliokulia kwenye malakiti. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua jiwe aone rangi.

"Malakiti haimo umu, madamu."

"Najua, tata," akamjibu, akimwita baba kwa heshima. "Ni kisukuku."

"Kisukuku ya nyama gani?" yaya akaingilia. "Simba?"

"Hata nyama haiko. Ni bitu bidogo sana, haubione na macho. Unajua ule utelezi wa kijani unakuwako juu ya mawe ku muto? Bilikuwa vile, mu maji ya bahari, hapa tu."

"Hapa Kolwezi? Bahari?"

"Hapa. Mbele ya samaki, mbele ya miti. Utelezi unashika mchanga kidogo, unapanda juu yake, unashika tena. Ni vile bilijijenga, mustari juu ya mustari." Alitaja na jina lao, jina refu la Kifaransa ambalo siwezi kuliandika. "Batoto banazaliwa juu ya mawe haya, na banajua tu shaba na kobalti. Nataka babione."

Shule ilikuwa inatayarisha chumba kidogo cha mawe ya kwetu, cha kufunguliwa mwisho wa mwaka wa masomo mbele ya wazazi. Alitaka yale mawili yasafishwe. Mjomba alikubali, na wakapatana waanze na dogo.

Yaya alilishika lile dogo kama anavyoshika kila jiwe. Alilipitisha kwenye gurudumu, akalisugua kwa unga mweusi wa kusagia, ule mkali unaometameta tunaoutumia kwa malakiti, kwanza wa chembe kubwa, kisha mwembamba, kisha mwembamba zaidi. Mwisho akalipaka nta na kulisugua kwa kitambaa cha sufu. Jiwe likawaka. Mjomba mwenyewe alitoka kwenye kiti chake kuja kulitazama.

"Unaweza kunyolea ndevu mbele yake," yaya alisema.

Madamu alipolipokea aliligeuza upande huu na ule. Kisha alifanya jambo ambalo hatukulitazamia. Alifumba macho akapitisha kidole juu yake.

"Mistari imeenda wapi?"

"Imo, madamu! Fungua macho, angalia, hii na hii."

"Naiona kama picha. Mi nilitaka mutoto afunge macho na aisikie ku kidole." Alivuta pumzi. "Ile mistari ni migumu. Katikati yake kuko uchafu laini. Mulitakiwa kuondosha uchafu, mistari ibaki imesimama. Sasa mumesaga yote pamoja, imekuwa sawasawa kama meza. Kosa ni yangu pia, sikubaelezea."

Sisi wa malakiti tunajua jambo moja tu, jiwe zuri ni jiwe linalong'aa. Kama halijang'aa, kazi haijaisha. Haikutupitia kichwani kwamba kuna jiwe ambalo kung'aa ndiko kunakoliua.

Madamu aliinama kulichukua lile kubwa. Alisema lazima alirudishe shuleni na uchafu wake, maana lundo lilikotoka limeshafunikwa na vifusi vingine na hatapata jingine. Mlinzi alishafungua mdomo wa mfuko.

Hapo nikasikia mtu anasema: "Muniachie mimi." Mtu huyo nilikuwa mimi.

Yaya aliangusha kitambaa. "Eee! Kumbe iko na mudomo!"

"Utafanya nini nayo?" madamu aliniuliza.

"Sijui bado."

Alicheka, lakini si kwa kunidharau. Aliketi kwenye kigoda changu cha kuoshea mawe, akaweka jiwe magotini, akanifundisha. Mambo yote niliyoyafanya baadaye yametoka kwenye yale maneno yake. Alisema mahali wanapotengeneza visukuku, watu hawavisugui. Wanapuliza unga juu yake kwa hewa yenye nguvu, kupitia tundu dogo, na unga ndio unaokula uchafu. Siri iko kwenye kuchagua unga. Uwe mgumu kuliko uchafu na laini kuliko kisukuku. Ukiwa laini mno, unapoteza hewa. Ukiwa mgumu mno, unakula kila kitu, na hakuna wa kukurudishia.

"Unga gani, madamu?"

"Kwa jiwe hii, mi sijui. Kila jiwe inataka yake. Utatafuta."

Wakapatana yeye na mjomba. Ningesafisha sehemu ya ukubwa wa kiganja, upande wa chini wa jiwe kubwa. Yeye angekuja kuipima kwa kidole. Mistari ikisimama, ataniachia jiwe zima. Isiposimama, analichukua siku hiyo hiyo. Alipokwisha kwenda, mjomba alinigeukia.

"Umeshajua," alisema. "Hii njo kazi yako. Ukiiharibu, kesho usinionyeshe macho ya kutamani meza."

Sikugusa jiwe kubwa. Nilichukua lile dogo lililokufa, ambalo madamu aliliacha, kwa sababu mgongo wake haukuwa umepitishwa kwenye gurudumu. Mgongo huo ulikuwa bado mchafu kama ulivyotoka Mashamba, na ungeweza kunifundisha bila hasara nyingine. Nilianza kwa kukwaruza, kama madamu alivyonionyesha. Ukucha wangu ulitoa vumbi kidogo la udongo wa juu, basi. Chini ya udongo huo kulikuwa na gamba jeusi, na gamba hilo liliukataa ukucha. Nikachukua waya wa shaba, ambao karakanani kwetu hauwezi kukosa, nikakwaruza. Gamba liliachia, kwa shida, lakini liliachia. Msumari ulilichimba kwa urahisi. Mistari yenyewe haikujali waya wala msumari. Nilichukua kipande kilichochongoka cha mstari nikakipitisha juu ya kioo kilichovunjika, na kioo ndicho kilichochorwa.

Nilikaa pale nimeshika kioo, nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimeshapata mipaka. Nilihitaji unga unaokaribiana na shaba kwa ugumu, uwe juu ya ukucha, na uwe chini kabisa ya kioo.

Vyombo vilipatikana bila kwenda mbali. Jirani yetu ni kado, yaani fundi wa kuziba matairi, mzee mmoja mwenye kompresa inayopiga kelele kama trekta. Alikubali kuniletea mpira wake wa hewa kupitia dirishani nyakati ambazo hana mteja. Tundu la kupulizia nililitengeneza kwa sindano ya kujazia mpira wa miguu, na nyuma yake nikafunga chupa ndogo ya unga ili hewa iubebe. Mjomba aliniruhusu nichukue sanduku la mbao. Nikaweka kioo juu, nikatoboa matundu mawili ubavuni na kupigilia humo mikono ya ovaroli kuukuu ili vumbi lisitoke. Nikafunga barakoa, na juu ya barakoa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi la mawe ya kwetu si la kuchezea. Sote tunajua watu waliokohoa.

Sasa unga. Kila mtu alikuwa na shauri lake.

"Tumia mchanga wa muto Lualaba," kado alisema. "Mi naona banapaka rangi malori, banapuliza mchanga kwanza, chuma inabaki nyeupe."

Nilijaribu kidogo pembeni. Gamba liliruka, kweli, lakini nilipotazama kwa karibu niliona ncha za mistari zimeanza kuwa butu kama meno ya mzee. Mchanga na mistari ni ndugu, ugumu wao ni mmoja. Nikaacha. Unga mweusi wa yaya sikuujaribu hata kwa mzaha.

Yaya aliniletea vumbi la malakiti kutoka chini ya meza yake. "Shika, liko bule, na iko na ugumu wenye unautaka." Hapo alisema kweli, ugumu wake ungefaa. Lakini lilitia kila ufa rangi ya kijani isiyotoka, na vumbi hilo ni sumu kifuani. Tofali lililopondwa liliacha wekundu. Majivu ya jikoni, yale mama zetu wanayosugulia sufuria, yaliingia kwenye mashimo yakakaa humo kama yamealikwa.

Kisha nikaenda sokoni kwa mama wa maandazi nikanunua magadi, ule unga mweupe anaoumulia.

"Utapika maandazi, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nataka kuosha jiwe."

"Kuosha jiwe!" Aliwageukia wenzake. "Bamama, muje musikie. Huyu anaosha jiwe na magadi. Na mawe ya jikoni kwangu, je, utakuja lini?"

Wakacheka, nikakimbia na mfuko wangu. Lakini magadi yalikuwa ya kwanza kunipa moyo. Yalikuwa ya upole. Yaliondoa udongo wa juu wote, na mstari hata mmoja haukupata jeraha. Ila yalipofika kwenye gamba jeusi yalikwama. Nilipuliza mpaka kado akaja kugonga dirisha akauliza kama ninafikiri petroli ya kompresa inatoka kanisani.

Nilihitaji kitu kilichopanda ngazi moja tu juu ya magadi. Jibu nililikuta nyumbani, nikiwa sikulitafuta. Mama yangu mdogo anaishi Lubudi, karibu na reli, analima mahindi na kuuza kidogo. Alikuwa amekuja kututembelea, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jeupe la kule. Nilikwaruza pembe ya kokoto iliyokwama kwenye soli. Ukucha haukuweza. Waya wa shaba uliweza kwa shida.

"Unafanya nini na kiatu changu, we mutoto?"

"Mama mudogo, jiwe hii ni ya chokaa?"

"Lubudi kuko nini kingine?"

Nilimwomba, akacheka, na alipokuwa amerudi kwake akanitumia mfuko mdogo wa mawe ya chokaa kwa dereva wa lori. Niliyaosha, nikayaponda kwenye kinu, nikayachekecha kama tunavyochekecha unga wa bukari, yaani ugali, kwanza kwa chekeche la jikoni, halafu kwa kitambaa cha nailoni. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha, na unga ulivuta unyevu ukashikana na kuziba sindano. Nikawa naukaanga kwanza kwenye sufuria juu ya mbabula, lile jiko letu dogo la makaa, makaa machache tu, nikiukoroga mpaka unateleza vidoleni kama maji makavu. Kwa kidole nilijua. Tangu mtoto nilitumwa kinuni na mashineni kusaga mahindi, na kila msichana wa kwetu anajua kusugua unga kati ya vidole viwili na kusema huu urudi, huu umetosha.

Unga mnene uliruka na kuacha vidoa. Ule kama vumbi ulipaa tu sandukuni. Ule wa katikati, unaokwaruza kidole kidogo halafu unapotea, huo ulishika gamba jeusi na kuanza kulila. Nililiona likiondoka mbele ya sindano, polepole, kama nzi wanavyoondoka kwenye nyama unapopunga mkono. Chini yake mstari ukatokea, na nyuma yake mwingine.

"Nini ile nyeusi inaruka?" yaya alikuwa ameweka uso kwenye kioo.

"Gamba."

"Gamba gani! Ni kobalti ile! Tata, kuja uone, mutoto anapuliza kobalti yetu mu hewa! Batu banakufa mu mashimo kuitafuta, yeye anaiondosha na sindano ya mpira!"

Mjomba hakuja. Lakini aliacha kukata, na alikuwa akisikiliza.

Basi nikahamia jiwe kubwa. Nilikata karatasi tundu la ukubwa wa kiganja changu, nikaibandika juu ya jiwe iwe mpaka, nikafanya kazi ndani yake. Nilikaribia jiwe kwa pembe, sikulipiga usoni. Nilimwomba kado apunguze hewa, akalalamika kwamba hajawahi kuombwa hewa kidogo maishani mwake, akapunguza. Ilipokwisha, mistari ilisimama kama mikunjo ya kitenge kipya. Nikaliweka jiwe mezani kwa yaya nikaenda kuchota maji, maana madamu alikuwa anakuja asubuhi hiyo.

Niliporudi, yaya alikuwa na kitambaa chenye maji mkononi. Alikuwa amelipangusa.

Alifanya hivyo kwa wema. Mteja akiwa njiani, sisi wa malakiti tunalowesha jiwe ili mistari ijitokeze. Mkono unakwenda wenyewe. Lakini unga wa chokaa ulikuwa bado umo ndani ya mashimo, na maji yaliugeuza uji. Uji ulianza kukauka mbele ya macho yangu. Ile sehemu yangu ya ukubwa wa kiganja yote ilikuwa nyeupe kama ukuta wa kanisa.

"Nilitaka kukusaidia," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Sikulia. Nadhani hasira ilinisaidia. Nilisema, tena kwa sauti, "Usiguse tena, yaya! Leta mbabula!" Na yaya, mkubwa wangu, akaenda kuleta mbabula. Tuliliweka jiwe karibu na joto, si juu yake, mpaka weupe ukakauka kabisa. Niliukwaruza kwa ukucha, ukatoa vumbi. Hapo nikajua. Weupe huu ulikuwa laini kuliko gamba lilivyokuwa. Haukuhitaji unga wa kupigana nao, ulihitaji ule wa upole.

"Magadi," nilisema. "Kado! Hewa!"

Magadi yalipita juu ya ule weupe na kuuondoa wote. Zaidi ya hapo, yaliingia mahali ambapo chokaa haikuwa imefika, katika mashimo membamba kati ya mstari na mstari, yakatoa mabaki ya mwisho ya weusi. Nilikuwa nimefikiri kazi yangu ya kwanza ilikuwa safi. Sasa niliona ilikuwa nusu. Chokaa ya Lubudi ndiyo ya kufungua, magadi ya maandazi ndiyo ya kumalizia. Bila mkono wa yaya nisingejua, na nilimwambia hivyo, naye akaanza tena kusema siku nzima.

Madamu aliingia ningali nimevaa barakoa. Mjomba alisimama. Kado alikuwa dirishani na mpira wa hewa mkononi. Madamu hakusalimia hata mtu. Alilichukua jiwe, akaligeuza chini juu, akafumba macho, akaweka kidole.

Kidole kilikwenda polepole. Kilipanda, kikashuka, kikapanda. Midomo yake ilikuwa inatikisika kama mtu anayehesabu au anayesali. Alifika ukingoni mwa sehemu ile, mahali uchafu ulipoanza, akasimama, akarudi mwanzo akapita tena.

"Tata," alimwambia mjomba, macho bado yamefumba, "huyu mutoto, musimutume tena kufagia."

Alinikabidhi jiwe mikononi. Aliniuliza nilitumia unga gani, nikamweleza, na alitaka kujua kila kitu, chekeche gani, hewa kiasi gani, kwa nini si mchanga. Niliongea. Sikujisikia nikiongea mpaka nilipomaliza. Naye akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba wengine wanafanya vilevile, wanaanza na unga wenye nguvu na kumaliza na wa upole, na kwamba nimelifikia mwenyewe kwa njia ya uani. Nilifurahi kuliko kama angeniambia mimi ni wa kwanza. Maana yake kuna watu mahali fulani wanaofanya kazi kama yangu.

Jiwe zima lilinichukua muda mrefu. Mvua zilikoma, vumbi la kiangazi likaja, unga ukawa haushikani tena. Mjomba alikuwa akipita nyuma yangu. Mara moja alinyoosha mkono na kidole gumba chenye mate, akakumbuka, akakirudisha mfukoni. Yaya alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kufungua chumba cha shule, wazazi walijaa mpaka nje. Jiwe liliwekwa mezani katikati, bila kioo, kwa amri ya madamu, ili liguswe. Lilikuwa limetoka kwenye uchafu wake lote, na juu yake kulikuwa na vilima vidogo vya mviringo, mistari juu ya mistari, kama vitunguu vilivyokatwa nusu. Nilisimama nyuma karibu na mlango na mdogo wangu. Madamu alieleza habari za bahari na utelezi. Kisha alisema aliyelisafisha yuko humu ndani, na aje aeleze alivyochagua unga.

Mdogo wangu alinisukuma. Nilijikuta mbele, mezani pamepangwa vibakuli vyangu, mchanga, majivu, vumbi la malakiti, chokaa, magadi. Sauti ilianza kurudi ndani kama kawaida yake. Halafu mtoto mmoja wa mstari wa kwanza akaonyesha kibakuli cha mwisho na kuuliza:

"Hii ni ya maandazi?"

"Ndiyo," nilisema. "Ni ya maandazi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na sauti ikabaki nje. Nilishika kila kibakuli nikasema kinafanya nini na kwa nini nilikikataa au nilikichukua. Niliwapa watoto waya wa shaba wakwaruze chokaa wenyewe.

Yule baba wa lori aliyeokota mawe alikuja mbele, mtu mkubwa wa kimo. Aliweka kidole juu ya mistari, kisha akamwambia mke wake: "Miaka yote hii nabeba hii kitu, naitupa ku lundo." Alimwita mtoto wake aje aguse. Wakaja wengine. Walipanga mstari, wazee kwa watoto, kila mmoja akifumba macho kabla ya kuweka kidole, maana wa kwanza alifanya hivyo na wote wakafikiri ndio utaratibu.

Mjomba alikuwa wa mwisho. Alifumba macho, akagusa. Tuliporudi karakanani Jumatatu nilikuta mbao zimeshakatwa, na yaya ameshika misumari mdomoni, kwa hiyo hata yeye alikuwa kimya. Meza yangu iko kati ya zile mbili. Ina miguu minne imara, na ubao wa juu una pembe zilizochongwa mviringo, kwa sababu mjomba alisema kanga zangu zingechanika. Sanduku langu liko juu yake sasa ninapoandika.

Na juu yake liko jiwe jingine ambalo madamu ameniletea, na hili linanitesa. Humo mistari ndiyo laini, na uchafu ndio mgumu. Waya wa shaba unakwaruza mistari, ila juu ya uchafu hata msumari unateleza. Chokaa itakula kisukuku kwanza. Magadi hayafanyi lolote. Kila unga ninaoufikiria unaharibu upande nisiotaka. Bado sijawasha hewa.

Kama wewe unayesoma hapa unasafisha mawe ya kale mahali ulipo, au mifupa, au hata sufuria nyeusi ya bibi yako, niandikie. Niambie unatumia unga gani, unatoka wapi, unausagaje, na ulishawahi kufanya nini pale uchafu ulipokuwa na nguvu kuliko kitu chenyewe. Jiwe linasubiri, na mimi sitaligusa mpaka nisikie kutoka kwenu.